Nilisoma Hukumu, Sikusoma Rufaa

Jumatatu, 9 Juni

Hili sijawahi kumwambia mtu. Mama yangu aliolewa na mwanamke.

Basi. Nimeliandika.

Shuleni nikiulizwa baba nasema yuko Nyamongo, anachimba dhahabu. Wanaridhika, maana darasani wengi baba zao wako huko kweli. Lakini huyo Magige ninayebeba jina lake alikufa Mama akiwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi. Mke wa Magige ndiye Bibi Wankuru. Hakujaliwa mtoto. Alipozeeka akatoa ng'ombe, akamuoa Mama, azaliwe mtu wa kuishika ile nyumba isije ikafungwa. Nyumba ntobhu. Kwetu Wakurya mzee hashtuki ukimtajia. Ila mimi niko kidato cha tatu, mjini, nimekaa dawati moja na watoto wa watu waliotoka Singida na Shinyanga kufuata dhahabu. Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Mwanamume aliyenizaa hatajwi. Sijauliza.

Bibi alitaka mvulana. Nikaja mimi. Hakuja mwingine.

Leo tena nimeenda maktaba ya sheria. Mama mdogo, ninayekaa kwake hapa Turwa, anajua niko tuisheni. Si uongo wote. Ninasoma.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya kituo cha msaada wa sheria. Vitabu vinene, vumbi kidogo, kompyuta chache na moja haiwaki. Likizo hii wanapokea wanafunzi wa sekondari wenye barua ya mwalimu. Barua ninayo kwa sababu ya klabu ya mdahalo. Kwenye mdahalo mimi huandika hoja, Bhoke husimama kuzisema. Nikisimama mimi, sauti inakauka.

Nimekaa kona. Nimefungua tovuti ya hukumu. Bado sijazoea. Hukumu za mahakama za nchi nzima ziko wazi, bure, hata kwangu. Hakuna aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nimesoma ya watu wawili waliogombania ng'ombe mmoja mwenye pembe iliyovunjika. Majaji watatu wa Mahakama ya Rufani wameandika kurasa na kurasa juu ya pembe hiyo. Wameandika alichosema mchunga ng'ombe, neno kwa neno, wakalipima kama neno la mtu mkubwa.

Nilisahau kula.

Jumatano, 11 Juni

Mama amepiga simu. Baba mdogo Mwita ameingiza jembe la ng'ombe kwenye shamba letu la juu, kule Gorong'a.

Baba mdogo ni mdogo wake Magige, kitinda mimba wao. Bibi alikufa mwaka jana mvua zikianza. Mpaka matanga yanaisha Baba mdogo alikuwa mtu mzuri. Ndiye aliyechimba kaburi. Sasa anasema Mama aliolewa ili apatikane mvulana, mvulana hakupatikana, mwoaji amekufa, basi hakuna nyumba tena. Mama avune mihogo yake, arudi kwao. Kwao wapi? Wazazi wake walishakufa. Kaka zake walishagawana kila kitu mpaka mawe ya kusagia.

Shamba lina hati ya kimila ya kijiji, jina la Bibi. Baba mdogo anasema hiyo ni karatasi tu, ardhi ni ya ukoo.

Baraza la kata limewaita tarehe 26 wasuluhishwe.

Nimejifungia chooni. Yaani ningezaliwa mvulana haya yasingekuwepo. Hilo ndilo ninalolifikiria, sina jingine.

Ijumaa, 13 Juni

Leo nimeaibika vizuri.

Nilitaka kutafuta kesi kama yetu. Kwenye kile kisanduku cha kutafutia nikaandika, kwa Kiingereza changu cha shule, kwamba anko wangu anataka kuchukua shamba letu, je, tufanyeje. Ikaja kesi ya mtu aliyemuua anko wake.

Otieno akaiona. Anasoma sheria chuo, yuko hapa kwa mafunzo ya vitendo. Kwao Sirari, mpakani, anaongea nusu kama Mkenya. Alicheka mpaka akalaza kichwa mezani.

"Wewe msichana! Hii si simu ya kumtumia rafiki yako. Aki, 'tufanyeje'! Ulitaka jaji akujibu 'pole'?"

Nilitamani kuingia chini ya meza. Madam Resti, mkutubi, akamgeukia. Ni mama mnene wa Bukoba, anaongea polepole kama anayepanga sahani kabatini.

"Otieno, wiki yako ya kwanza hapa uliandika nini? Niseme?"

Otieno akarudi kwenye kompyuta yake.

Madam Resti akavuta kiti. Akanifundisha. Jaji haandiki anko. Ukitaka kumpata jaji, andika maneno ambayo yeye angeyaandika. Mjane. Ardhi ya ukoo. Mrithi. Na maneno yanayotakiwa kukaa pamoja yafungie ndani ya alama za nukuu, yasitawanyike kama mbuzi. Halafu chagua mahakama. Halafu chagua miaka.

Nikaandika. Zikaja. Ukurasa mzima, na chini kuna ukurasa mwingine, na mwingine. Wajane wa Mbeya, wa Kagera, wa Rukwa. Wote waliambiwa warudi kwao. Sikujua tuko wengi hivi. Nimezisoma mpaka wakafunga mlango.

Jumamosi, 14 Juni

Gorong'a. Nimemsaidia Mama kumenya mihogo.

Baba mdogo amepita na gumbuti zake na fimbo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu. Akanipa muwa. Huyo ndiye Baba mdogo, anakunyang'anya shamba na anakupa muwa.

"Mwalimu umekuja kuhesabu migomba?"

"Hapana, Baba mdogo."

"Hesabu. Hesabu mapema." Akacheka. Kisha akamgeukia Mama, kicheko kimekwisha. "Mugesi, mimi sikuchukii. Lakini ng'ombe zile zilizokuoa zilitoka zizi la Magige. Na zizi la Magige ni la baba yetu. Sasa unataka nimwambie nani mwanangu, kwamba shamba la babu yake limekwenda na msichana ambaye kesho ataolewa Musoma?"

Mama aliendelea kumenya. Mimi nilikuwa na majibu matano kichwani, yote kwa Kiingereza. Hakuna lililotoka.

Bibi alikuwa ananiita *tata*. Baba. Hata mbele ya wageni. "Tata, lete kigoda." Nilidhani ni utani.

Jumatatu, 16 Juni

NIMEIPATA.

Naandika upesi. Mahakama Kuu. Mjane hana mtoto wa kiume, ana binti mmoja. Shemeji anataka shamba, anasema ni la ukoo. Jaji anasema hapana. Anasema shamba ambalo marehemu alilitunza na kuandikiwa jina lake haliwezi kuondolewa kwa watu wa nyumba yake kwa sababu tu nyumba haina mvulana. Aya ya kumi na nane. Nimeisoma mpaka naijua bila kuangalia. Nikifumba macho naiona.

Jaji huyu hanijui. Ameketi mbali huko, na joho lake, akaandika juu yangu. Nilipofika "binti mmoja" nilisimama. Nikainuka kitini, nikasimama kweli. Otieno akauliza kama nimeng'atwa na siafu.

Nimechapisha. Madam Resti hakuwepo leo, alikuwa kwenye kikao. Otieno akaniwekea karatasi kwenye mashine. Karatasi ilitoka na joto. Nimeibeba ndani ya sweta kama kifaranga.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemsomea Mama. Kiingereza machoni, Kikurya mdomoni, na pale Kikurya kiliponiishia nikaweka Kiswahili. Alisikiliza mikono ikiwa magotini. Nilipofika aya ya kumi na nane akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Huyo jaji ana mama."

Kisha Baba mdogo akaja. Hakuja kugombana. Alikuja na neno. Alisema amefikiria, na mkewe amemsema sana. Tugawane. Yeye achukue la juu, sisi tubaki na la chini, kuanzia kaburi la Bibi mpaka mtoni. Mbele ya baraza aseme hivyo, yaishe.

Mama alinitazama. Baba mdogo alikuwa amenipa mgongo.

Nikatikisa kichwa. Hapana.

Mama akamwambia hapana. Akaingia ndani, akaleta karatasi, akamwonyesha. "Mahakama kubwa imeshasema." Baba mdogo aliishika karatasi juu chini, akaigeuza, akairudisha. Aliondoka bila kuaga. Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi sana.

Jioni Mama alikuwa ameshaipeleka kwa balozi wa nyumba kumi, na kwa mchungaji, na kwa mama muuza maandazi. Kijiji kizima kinajua mtoto wa Wankuru ameleta hukumu.

Jumatatu, 23 Juni

Sina mkono wa kuandika. Naandika hivyohivyo.

Nilimwonyesha Madam Resti nakala yangu. Nilitaka anisifu. Akasoma kichwa cha hukumu, akaniuliza, kwa upole tu, "Na rufaa yake?"

Rufaa gani?

Akafungua kompyuta. Pembeni mwa ile hukumu, mahali ambapo macho yangu hayakuwahi kwenda, kuna sehemu inayoonyesha shauri lilipotoka na lilipokwenda. Akabonyeza. Mahakama ya Rufani. Shemeji alikata rufaa. Rufaa imekubaliwa. Hukumu ya Mahakama Kuu imefutwa.

Imefutwa. Ile aya ya kumi na nane imefutwa. Ilikuwa imeshafutwa siku niliyoichapisha. Nilibeba mfu ndani ya sweta.

Otieno hakucheka. Alisema, "Pole. Ningekuuliza siku ile." Kisha akasema kila mwanafunzi wa sheria huwa anafanya hivyo mara moja, na kwamba yeye alifanya mbele ya darasa zima. Nilijua ananihurumia. Huruma yake ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

Ila wao waliharibu mazoezi ya darasani. Mimi nimemkatalia Mama nusu ya shamba.

Jumanne, 24 Juni

Nilitaka nisiende. Nimeenda.

Madam Resti alikuwa ameshanifungulia ile hukumu ya rufaa. "Jana ulisoma mwisho tu," akasema. "Mwisho unakuambia nani kashinda. Sasa anza mwanzo ujue kwa nini." Akaniachia na kamusi.

Nimesoma asubuhi mpaka mchana. Kiingereza chake kigumu, sentensi moja inatembea nusu ukurasa. Nilikuwa natafuta mahali majaji wanaposema binti si kitu. Nilijiandaa kabisa.

Hakuna.

Hawajasema hivyo popote. Hawakufika hata huko. Walichosema ni kwamba shamba lilikuwa la marehemu, na mali ya marehemu haina wa kuidai mahakamani mpaka awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mjane hakuwa ameteuliwa. Shemeji naye hakuwa ameteuliwa. Kwa hiyo waliokuwa wanagombana wote hawakuwa na mamlaka, na kesi nzima tangu siku ya kwanza ni kama haikuwepo. Anayetaka aanze upya, kwa kufuata utaratibu.

Nikarudia. Shemeji naye.

Nimeweka kalamu chini. Chumba kilikuwa kimya, feni tu. Jaji wa kwanza aliandika maneno matamu, nikampenda. Hawa watatu hawakuandika neno tamu hata moja. Wameandika kama fundi anayepima ukuta. Na ndani ya ukavu ule wakamsimamisha shemeji palepale walipomsimamisha mjane, hatua moja, hakuna aliye mbele. Sijawahi kuona mwanamume na mwanamke wamesimamishwa hivyo. Si kanisani, si kwenye kikao cha ukoo. Nilihisi kama nimeingia mahali pakubwa sana na viatu vina matope.

Madam Resti akasema wao maktaba hawatoi ushauri, akanipeleka kwa wakili wa kituo, ofisi ya mbele. Wakili akasoma, akakubali nimeelewa. Akaniuliza kama mirathi ya Bibi imefunguliwa. Haijafunguliwa. Ukoo ukae kikao, upendekeze msimamizi, muhtasari uende Mahakama ya Mwanzo. Akasema na hili nikalinakili: msimamizi si mrithi. Anakusanya na kugawa chini ya jicho la mahakama. Nani anarithi, mahakama itasikiliza.

Kikao cha ukoo. Mwenye kukiitisha ni Baba mdogo.

Jumatano, 25 Juni

Nimepanda bodaboda mpaka Gorong'a kumwambia Mama. Mama mdogo nimemwambia ukweli, kwamba si tuisheni. Alisema, "Nilijua. Tuisheni gani hairudi na wino mkononi." Akanipa nauli.

Mama alikuwa anaanika ulezi. Nilisema yote bila kuvuta pumzi. Karatasi imekufa. Nilipaswa kuangalia rufaa. Sikuangalia. Lile la chini tulilolikataa lilikuwa la kweli, karatasi haikuwa.

Alikaa. Alichota ulezi akaumwaga, akachota tena.

"Niliwaambia watu wote," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mpaka muuza maandazi."

"Ndiyo."

Nilingoja anipige au alie. Akasema, "Kesho barazani nitasimamaje mimi? Mimi hiyo rufaa siijui. Anayeijua ni wewe."

Nimekosa usingizi mchana kweupe. Nimelala kitandani kwa Bibi macho wazi.

Alhamisi, 26 Juni

Nataka kuandika kwa mpangilio nisisahau.

Ofisi ya kata. Mabenchi. Watu wengi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu ya ile karatasi. Mwenyekiti wa baraza ni mama mmoja mwenye miwani. Baba mdogo alivaa koti.

Yeye akaanza. Alisema vizuri, alisema ya zizi na ya baba yao. Alisema alikuwa tayari kugawa nusu, akakataliwa kwa kiburi cha karatasi. Watu wakaguna. Mwenyekiti akamwambia Mama ajibu. Mama akasema, "Mtoto ataongea."

Nikasimama. Sauti ikakauka, kama kawaida yake. Nikaona vidole vyangu vya miguu. Baba mdogo akasema, si kwa ubaya, "Ongea mwalimu, hatukuli." Watu wakacheka. Sijui, kile kicheko kikanifungua.

Nilisema mimi ni Ghati. Mimi ni mtoto wa nyumba ntobhu ya Wankuru na Mugesi. Nilisema kwa sauti. Hakuna aliyeshtuka! Mzee mmoja alipiga chafya tu. Miaka yote ile.

Kisha nikasema ile karatasi mliyoisikia msiitumie. Ilifutwa kwenye rufaa. Kosa ni langu, sikuangalia.

Kelele. Baba mdogo akapiga goti lake kofi. "Mnasikia? Mtoto kajipiga teke mwenyewe!"

Nikangoja. Hilo sikufundishwa na mtu, miguu ilikuwa imekufa tu, sikuweza kukaa. Kelele zikaisha. Nikasema majaji wa rufaa walimwondoa mjane kwa sababu hakuwa msimamizi wa mirathi. Na shemeji naye wakasema hivyohivyo. Hati ya shamba letu ina jina la Bibi. Bibi amekufa. Mama si msimamizi. Baba mdogo si msimamizi. Mimi si msimamizi. Kwa hiyo anayelima lile la juu analima kwa idhini ya nani?

Mwenyekiti akavua miwani. Akaomba nakala. Nilikuwa nayo, safari hii ile ya rufaa, na mistari nimepiga kwa penseli. Akaisoma kimya, wajumbe wengine wakimchungulia begani. Ilichukua muda. Kuku alipita katikati yetu.

Akasema, "Mwita, jembe lisimame kwanza. Na wewe Mugesi usiuze wala kukodisha chochote. Sisi hapa ni wa kusuluhisha, hili lina mlango wake, Mahakama ya Mwanzo. Ukoo ukae."

Baba mdogo akanigeukia. Hakuniita mwalimu. Alisema, "Kwa hiyo hata mimi?"

"Hata wewe, Baba mdogo. Samahani."

Nimetapika nyuma ya ofisi ya kata. Mama alinishika kichwa.

Jumapili, 13 Julai

Kikao cha ukoo kimekaa jana. Wasichana hawaingii, nilikuwa jikoni na wake za wazee, nasikia sauti tu. Saa nzima walibishania kama nyumba ntobhu inaisha mwoaji akifa. Mzee mmoja akauliza, Magige alipokufa nyumba iliisha? Wankuru si alibaki? Basi Mugesi naye anabaki. Hilo likaishia hapo.

Wamependekeza Mama. Baba mdogo hakusaini. Alisema atapeleka pingamizi mahakamani. Haki yake. Nililisoma na hilo, mtu yeyote mwenye sababu anaweza. Siwezi kupenda upande mmoja wa ukurasa tu.

Naogopa. Pingamizi linaweza kuchukua miaka. Kwenye tovuti kuna moja watu walianza wakiwa na nywele nyeusi.

Jumanne, 22 Julai

Shule imefunguliwa. Baada ya vipindi nimepita Mahakama ya Mwanzo kuangalia ubao wa matangazo. Lipo. Karatasi moja, muhuri, pini nne. Maombi ya usimamizi wa mirathi ya marehemu Wankuru. Mwombaji, Mugesi. Mwenye pingamizi afike mbele ya mahakama kabla au siku ya kusikilizwa.

Bibi hakujua kusoma. Sasa jina lake liko ukutani mwa serikali, na muhuri wa mahakama umelala pembeni yake. Watu walikuwa wanapita na mambo yao. Nilisimama mpaka askari akaniuliza natafuta nini.

Nikamwambia sitafuti kitu, namsoma bibi yangu.

Darasani Bhoke ameniuliza kama baba bado yuko Nyamongo. Nikamwambia. Yote. Akasema, "Kumbe! Shangazi yangu naye kaoa wawili." Akaendelea kula karanga.

Ijumaa, 15 Agosti

Gorong'a. Jua limeanza kushuka. Nimefika moja kwa moja kutoka shule, na sare.

Leo ndiyo siku ya kusikilizwa. Mama ametoka asubuhi, kavaa kitenge cha Bibi. Mpaka jana pingamizi halikuwa limeingia, lakini Baba mdogo naye katoka asubuhi, mkewe ameniambia, na koti.

Nimeshapika. Nimeshafagia. Lile la juu limelala vilevile, nusu limelimwa, nusu majani, tangu siku ya baraza. Hakuna aliyeligusa. Nimeenda kusimama kaburini kidogo. Sikuomba kitu. Nilimwambia Bibi tu kwamba kuna chumba mjini chenye hukumu za watu wote, na kwamba nikimaliza shule nataka kukaa humo.

Madam Resti ameniazima kitabu cha jinsi ya kusoma shauri. Kinasema usiandike neno la mwisho mpaka umehakikisha hakuna jingine juu yake. Kwa hiyo siandiki. Nangoja.

Mbwa amebweka, kisha kanyamaza. Anawajua.

Miguu. Ya watu wawili. Kandambili za Mama. Na gumbuti. Wanatembea sambamba, hakuna aliye mbele. Baba mdogo anasema kitu, na Mama, sijamsikia hivi tangu matanga, anacheka.

"Mwalimu! Lete kigoda, msimamizi wetu akae!"

Wako mlangoni. Naficha daftari.